Mwiba Kando ya Wimbi

Jumatatu, 4 Machi
Kibao changu cha saketi kimewaka! Namba zinaingia huku, wimbi la umeme linatoka kule. Namba bilioni moja kila sekunde! Nimekiunda mwenyewe na bado nilisimama mbele ya skrini ya mashine ya kupimia mdomo wazi.

Kasoro moja tu. Kando ya wimbi umesimama mwiba, mlio ambao sikuuagiza. Na Ijumaa Mkurugenzi anakuja kukagua ili achague mkuu wa maabara, mimi au Shemeji, mdogo wake mke wangu. Kibao chake hakina mwiba. Hm!

Jumanne, 5 Machi
Nimebadilisha chipu. Mwiba upo. Nimebadilisha chanzo cha umeme. Upo! Nikaongeza nguvu ya wimbi hadi mwisho, ili mwiba uonekane mdogo. Sasa miiba mitatu. Imepangana kwa adabu ya ajabu. Niliitazama mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 6 Machi
Nimemshika mchawi. Simu ya Shemeji! Inarusha mawimbi kwenye waya zangu. Nikaitia kimyakimya ndani ya kopo la bati la biskuti. Mwiba ukabaki palepale. Mke wangu alimpigia mdogo wake mara sita, hakumpata. Nyumbani nimesomewa mashtaka.

Alhamisi, 7 Machi
Shemeji kaja mwenyewe. Kibao hakukigusa. Alifunga kwenye waya kichuma kidogo kama kifuniko cha kalamu, kinachopunguza nguvu kabla wimbi halijafika kwenye mashine ya kupimia. Miiba ikatoweka! Wimbi likabaki peke yake, jembamba, limenyooka. Nilisisimka mwili mzima, nusura nilie.

Akasema, Shem, kibao chako kizima, tena kisafi kuliko changu. Mashine ya kupimia ndiyo uliyoipigia kelele masikioni mpaka ikasikia yasiyokuwepo. Akanisihi nisizidishe nguvu kesho. Nikaapa.

Ijumaa, 8 Machi
Mkurugenzi kafika. Wimbi safi kabisa, ila dogo. Mtu mzito kama yule nimwonyeshe kitu kidogo? Nikachomoa kichuma. Nikasukuma nguvu hadi mwisho.

Miiba saba! Sijawahi kuona kitu kizuri vile. Mkurugenzi aliuliza ni nini. Nikamjibu kwamba hiyo ni ziada.

Shemeji ndiye mkuu wa maabara. Nimempongeza, roho inaniuma. Lakini tatizo nimeshalijua: mashine ya kupimia ni dhaifu. Jumatatu nitamwomba mkuu mpya aninunulie yenye masikio magumu. Ni shemeji yangu, hawezi kuninyima.