Nilivyopeleka CV Msibani

Jumanne, 1 Oktoba

Mjomba Athumani ametoa hukumu. Kabla ya chai! Fuso la kupeleka magunia shambani kwake Kitaya linaondoka Jumamosi ya wiki ijayo. Kama mpaka siku hiyo sina kazi, nitapanda juu ya magunia, nikaokote korosho na kufukuza nyani hadi msimu uishe. Kwetu Wayao mjomba akishasema juu ya mpwa wake, mama hana la kuongeza. Nikamkumbusha Mjomba kwamba nina diploma ya biashara. Akasema nyani hawaulizi cheti.

Binamu Rajabu alikuwepo, na ile kofia yake ngumu ya mtambo wa gesi wa Madimba. Ndani ya nyumba! Anakula maandazi na kofia kichwani, mgongo ukutani. Akajitolea kunisaidia kufunga mizigo. Simpendi.

Sitaki kwenda Kitaya. Nina miaka ishirini na tisa. Mama huwaambia majirani kwamba Idrisa wake "anasubiri simu". Leo nimemsikia tena dirishani akimwambia hivyo Mama Husna, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka kusema uongo. Imeniuma sana.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimepata dawa. Kocha wa kazi! Nimemwona kwenye WhatsApp ya jirani. Anaitwa Neusa. Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji, yeye kakulia hapa hapa Mtwara. Alikuwa afisa wa kuajiri katika kampuni fulani kwa miaka, sasa anakaa chumba cha nyuma ya saluni ya dada yake na kuwafundisha watu kutafuta kazi. Kikao cha kwanza bure. Nalipenda sana neno hilo.

Nimemweleza Mjomba kwamba sasa nina kocha. Akauliza nacheza namba ngapi.

Ijumaa, 4 Oktoba

Kikao. Chumba kinanuka dawa ya nywele, macho yananiwasha. Nikamwambia Dada Neusa kwamba nataka kazi ya ofisini, na ningependa kuanza Jumatatu. Akasema yeye hatoi kazi, anamsaidia mtu aitafute mwenyewe. Nimeduwaa! Ni sawa na kwenda kwa mama ntilie ukapewa mwiko.

Akasoma CV yangu. Akauliza hapa palipoandikwa "Mkurugenzi wa Usafirishaji" ni kampuni gani. Nikamweleza kwamba rafiki yangu ana bodaboda na mimi humshauri njia. Akachukua kalamu. Alipomaliza kulikuwa kumebaki jina langu, diploma na namba ya simu.

Halafu akanipa somo. Alisema kazi nyingi za mji huu huenda kwa mtu aliyeonekana akifanya kitu. Niende penye watu, nishike kazi yoyote nitakayoikuta, nisiombe chochote. Nimeandika kwa herufi kubwa: PENYE WATU. Mengine nitayakumbuka.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimetekeleza. Rajabu alikuwa amelala, nikaazima kofia yake, nikaenda kusimama karibu na lango la bandari. Penye watu! Nimekunja uso, nimeshika kiuno, natazama malori kwa ukali. Mtu yeyote angeniona angesema huyu ni mtu wa kazi.

Mlinzi akaja. Akanizunguka mara moja, akaanza kucheka. Akamwita mwenzake naye acheke. Nyuma ya kofia kumeandikwa MGENI. Kumbe ni zile kofia wanazowaazima watu waliokuja kutembelea mtambo! Sasa naelewa kwa nini Rajabu siku zote anaegemea ukuta.

Nimefukuzwa langoni, lakini nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kofia nimeirudisha pale pale. Siri ya namna hii haichezewi ovyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Kikao cha pili. Dada Neusa aliuliza nimefanya nini. Nikamsimulia. Akavua miwani, akafumba macho kwa muda. Akasema nirudie baada yake: kufanya kitu. Nikarudia, lakini sikio langu lilikuwa saluni. Akina mama walikuwa wanasema shangazi yake Bwana Gaspari amefariki, mazishi kesho Mikindani. Bwana Gaspari ndiye mwenye ile kampuni ya kutoa na kupakia mizigo bandarini. Bandari nzima itakuwepo!

Nimemuaga kocha haraka, nikaenda kuchapisha CV, safari hii kwenye karatasi nzito. Nimerudishia alivyovifuta. Fuso linaondoka Jumamosi, sina muda wa unyenyekevu.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimechoka hata kalamu naiona nzito. Lakini lazima niandike.

Nilifika Mikindani mapema, koti la mahafali, bahasha za kaki chini ya kwapa. Mpango ulikuwa: pole, mkono, bahasha. Nikaanza na wazee wa bandarini chini ya turubai. Mmoja akauliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikasema si ndugu. Akauliza kabila. Nikasema Myao.

Kosa! Nilisahau kabisa kwamba Bwana Gaspari na ukoo wake ni Wangoni. Bibi mmoja akaruka kutoka mkekani akipiga kelele kwamba watani wamefika, tena Myao kaja na barua ya kumwomba marehemu kazi! Msiba mzima ukacheka. Waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yanatoka. Bibi akaninyang'anya bahasha, akasogea kwenye jeneza, akamsomea marehemu CV yangu kwa sauti, kuanzia "Mkurugenzi" hadi namba ya simu. Akamwambia aamke ampokee kijana wa Kiyao, anasema anajituma.

Ukishaitwa mtani msibani huna pa kutokea. Utatukanwa, utatukana, huruhusiwi kukasirika, na kazi zote ni zako. Nikavuliwa koti. Nimeteka maji. Nimepasua kuni. Nimesugua masufuria. Wamenimwagia unga kichwani. Wakanipeleka kuchimba kaburi, na kwa kuwa nilikuwa nimeshaharibikiwa, nikalala humo humo nikasema sitoki mpaka Wangoni watuombe radhi kwa vita vya mababu. Wakaomba! Hata mzee wa kanisa aliomba.

Halafu safari ya makaburini. Gari la jeneza na malori mawili ya waombolezaji yaliyotokea upande wa pili yakakutana uso kwa uso kwenye kichochoro, kati ya nyumba za mawe. Kila dereva anapiga honi, kila mzee anatoa amri. Nilikuwa na njaa, jua linanichoma, nina unga hadi masikioni. Nikapanda juu ya pipa nikawakaa kooni wote. Wewe rudi nyuma! Wewe zima gari! Akina mama shukeni, jeneza lipite kwanza! Wakanitukana, nikawatukana, tukacheka, njia ikafunguka. Bwana Gaspari alikuwa kwenye baraza la nyumba ya pembeni, macho mekundu, ananitazama.

Baada ya mazishi aliniita pembeni. Alisema shangazi yake alipenda kucheka, na leo amezikwa kwa kicheko, ahsante. Halafu akasema korosho zinaanza kuingia na yadi yake haina mtu wa kupanga foleni ya malori. Aliowaweka wote walikimbia matusi ya madereva. Kama nataka, nifike Jumanne.

Nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamuuliza ni sehemu gani ya CV iliyomvutia. Akasema hajaiona, bibi amewashia nayo moto. Watani bwana! Lazima aliisoma.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimewaambia nyumbani. Mjomba aliniuliza mara mbili kama ni kazi ya kweli, kisha akapiga simu kwa mtu anayemjua bandarini kuhakikisha. Akasema basi nyani wa Kitaya watapata mtu mwingine.

Mama alijifunga kanga vizuri, akatoka hadi kwa Mama Husna, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akinitaja bila kushusha sauti. Nimefurahi mpaka nikajifungia chumbani.

Rajabu alinipa mkono. Akanishauri ninunue kofia. Nikamwambia nitaomba iliyoandikwa mbele na nyuma. Akaegemea ukuta.

Jumatano, 16 Oktoba

Siku ya pili kazini. Vumbi, jua, honi. Madereva kutoka Masasi, Newala, Tandahimba, kila mmoja anadai yeye ndiye wa kwanza. Jana mmoja aliniita jina ambalo siwezi kuliandika. Nikamuuliza kabila lake, nikamjibu ipasavyo, akacheka akarudisha lori nyuma. Jioni foleni ilikuwa imenyooka. Bwana Gaspari alipita akaitazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Kusema kweli naipenda kazi hii. Sijui kwa nini sikuipata mapema. Nadhani ni ile karatasi, zamani nilikuwa nachapisha kwenye karatasi nyepesi.

Jumamosi, 19 Oktoba

Siku kubwa! Dada Neusa kaniomba nizungumze na wateja wake wapya. Amefurahi na kazi yangu mpaka akanipikia kuku wa kukaanga. Alinisihi niwaeleze jambo moja tu: jinsi nilivyofanya kazi siku nzima msibani bila kuomba chochote, na mtu akaniona.

Nikasimama. Saida na Elia walikuwa mbele kabisa, kalamu mkononi, nyuso za watu waliokata tamaa. Nimewaonea huruma. Nilikuwa kama wao juzi juzi. Nikaona si haki kuwaficha, nikawapa siri yote: misiba mikubwa, koti, bahasha za kaki, karatasi nzito, na CV isiyoona haya. Wameandika kila neno. Dada Neusa alilaza kichwa juu ya meza na kukaa hivyo mpaka mwisho. Nadhani ni fahari ya mwalimu.

Na bahati ikitaka kuja inakuja. Kesho kuna mazishi Shangani, ya mzee mwenye ndugu wengi wenye vyeo. Tumeshapanga. Saida atasimama getini, Elia karibu na jeneza, mimi nitapita katikati na CV mpya, maana Mratibu Mkuu wa Malori Kanda ya Kusini hawezi kubaki yadini milele. Elia aliuliza kama aanze kwa kuwasaidia wenyeji kuteka maji. Nimemkataza kabisa. Atalowesha bahasha.