Friji Lenye Akili Bandia

Teleza alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, redio ilipotangaza kwamba mkuu wa mji anatafuta akili bandia ya kumsaidia kupambana na mabadiliko ya tabianchi. Ya asili, ni dhahiri, ilikuwa imemshinda.

"Malizia haraka," Teleza alimwambia kinyozi. "Nina kikao na serikali."

"Serikali inajua?"

"Itajua."

Jina la Teleza alipewa na mtaa, maana maneno yake yalikuwa na mafuta na yeye mwenyewe hakamatiki. Aliwahi kumkodishia mwenye hoteli kivuli cha mti wa jirani. Lakini safari hii hakutafuta ya kula tu. Marehemu mkewe, kabla hajakata roho, alimwachia neno moja: mtoe mama bondeni. Mama mkwe aliishi na Teleza huko, ambako kila msimu wa mvua mto huingia ndani bila hodi na kukaa mpaka uchoke. Wakubwa walikuja kila mwaka wamevaa mabuti, wakapigwa picha, wakarudi mlimani kukausha mabuti. Na mvua ilikuwa inanukia.

Akaokota friji bovu la soda, lile refu la dukani, akalitoa injini, akalikatia mlango wa pili nyuma, akalipaka rangi nyeupe mpaka kioo, akalibandika vitaa vya pikipiki. Ikabaki akili.

"Mama," alisema, macho chini kama impasavyo mkwe, "naomba uingie kwenye friji."

Mama mkwe alilitazama friji, akamtazama mkwe. "Binti yangu alikuwa na wachumba wengine," alisema. Kisha akauliza, "Humo nitasema nini?"

"Wakikuuliza lolote, sema: jambo hili ni mtambuka. Wakizidi, sema: iundwe kamati."

"Mtambuka ndiyo nini?"

"Hakuna anayejua, mama. Ndiyo uzuri wake."

Ukumbi wa mikutano ulikuwa na meza ndefu, na watu wa mkuu wa mji walikuwa wanaandika kabla mkuu hajasema. Mkuu aliliegemea friji la Teleza, mama mkwe akiwa ndani, akapaza sauti kama anayeongea na kiziwi.

"Joto limezidi. Tufanye nini?"

"Jambo hili ni mtambuka," friji likajibu.

Minong'ono ikapita mezani. "Linaongea kama mheshimiwa mwenyewe," alisema katibu wake, na hakuna aliyeona tusi.

"Na mafuriko?"

"Iundwe kamati."

Mkuu akaridhika, akasogea karibu zaidi. "Sasa niambie ukweli. Wewe akili bandia, unaweza kweli kutuponya na hii tabianchi?"

Humo ndani mama mkwe alikuwa anaiva.

"Hewa," friji likasema, sauti imekatika. "Nipeni hewa."

Mkuu wa mji akavua miwani. "Mmesikia? Mwaka mzima wataalamu wananichorea habari za hewa ukaa, siambulii kitu. Hili limemaliza kwa neno moja."

"Mtambo umepata moto, waheshimiwa," Teleza akawahi. "Nendeni mkanywe chai, upoe."

Walipokuwa kwenye chai, mama mkwe alitokea mlango wa nyuma wa friji, akachukua ufagio uliosimama pembeni, akapita mbele ya walinzi wote. Mwanamke mwenye ufagio serikali haimwoni.

Mkuu aliporudi alimvuta Teleza kando. "Fedha hatuna, mtaalamu. Viwanja tunavyo."

Moyo wa Teleza uliruka, uso haukuambiwa. "Hicho changu kina maji, mheshimiwa?"

"Maji hayakatiki mwaka mzima. Na hii akili, ni bandia kweli? Nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia."

"Bandia kabisa. Naapa kwa kaburi la mke wangu."

Wakashikana mikono, watu wawili wakweli.

Kesho yake mpima ardhi wa mji aliwaongoza kwenda kukiona kiwanja. Mama mkwe alikuwa na virago kichwani na sufuria yake mkononi, bonde ameshaliaga. Wakashuka. Wakazidi kushuka.

"Baba," mama mkwe akasema, "mbona mbwa wa huku wananijua?"

Mpima ardhi akavua viatu, akakunja suruali, akanyoosha kidole. Nyuma ya choo chao wenyewe, katikati ya mto, vilisimama vigingi vinne vya kiwanja. Juu ya kimoja alikaa chura, kama aliyemilikishwa kitambo.

"Bosi wako anajua kwamba hapa ni mtoni?" Teleza aliuliza.

"Jambo hilo ni mtambuka," alisema mpima ardhi, akaanza kuvaa viatu.

Teleza akatazama juu. Tone la mvua likamwangukia kwenye paji la uso, halafu la pili.

Mama mkwe akatua virago vyake, akaangalia mawingu, akaangalia mto, akamwangalia mkwe wake.

"Ungebaki na friji, mwanangu," alisema. "Lingeelea."