Marashi ya Mwanaume Mzima

Jumatatu, tarehe 8 mwezi wa saba

Bernadette amepiga simu kutoka Aru. Dada mkubwa wa marehemu mke wangu Patience, mfanyabiashara wa mpakani, sauti ya kuita abiria. Anakuja wiki ijayo, Jumamosi tuanue matanga. Siku hiyo, kwa desturi ya kwetu, vitu vya Patience vinagawiwa dada zake. Nimesema sawa. Vitenge, achukue. Viatu, achukue. Masufuria, hata lile lisilo na kifuniko, achukue. Ndipo akauliza habari za marashi. "Na ile parfum ya maua, iko wapi?" Mwanamke yule hasahau kitu!

Marashi hapati ng'o. Chupa nyekundu ya kufifia, ua limechorwa tumboni, ndani mna yasmini na waridi na kitu kingine nisichokijua jina. Patience alijipaka Jumapili tu. Nikifungua kifuniko anaingia chumbani. Sina njia nyingine ya kumwita. Kwenye picha zote amekunja uso kwa sababu ya jua.

Nimepata mpango. Desturi inagawa vitu vya marehemu. Vya mume haviguswi. Basi marashi ni yangu. Yalikuwa yangu tangu zamani! Chupani pameandikwa kwa Kifaransa kwamba ni ya wanawake. Nimeyakwangua maneno hayo kwa wembe. Kwa bahati mbaya nimekwangua na nusu ya ua. Sasa limebaki kabichi.

Jumatano, tarehe 10

Dai bila mashahidi ni kelele tu. Lazima watu waninuse. Asubuhi nimejinyunyizia shingoni na kifuani kabla ya kufungua duka langu la misumari na rangi. Lo! Mwanzoni maua yote yanasema kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake. Machozi yalinitoka. Baadaye yakatulia. Nikangoja yawe Patience. Hayakuwa. Kwa Patience yalinukia ibada. Kwangu yamechanganyika na saruji na mafuta ya rangi, yakanukia harusi iliyofanyiwa gereji.

Fundi mwashi amekuja kununua misumari. Ameangalia nyuma yangu akimtafuta mwanamke. Nimemwambia harufu ni yangu. Ameondoka bila misumari. Mchana nyuki ameingia, akanizunguka, naye hakununua kitu. Fiacre, mwenye duka la ng'ambo ya barabara, anayeuza misumari kama yangu kwa majivuno zaidi, alisimama mlangoni kwake akijipepea pua. Shahidi mzuri! Nimempungia mkono.

Alhamisi, tarehe 11

Fiacre ni nyoka. Ametangazia mtaa mzima kwamba nina mwanamke. Kabla ya matanga kuanuliwa! Ni aibu ya nyumba, na wakwe wanaweza kunitoza mbuzi. Mama Séphora, aliyekuwa akiimba kando ya Patience kwenye kwaya, amekuja akijifanya anatafuta kufuli. Amenusa kulia, amenusa kushoto. Kisha: "Papa Athanase, weye uko na harufu ya mwanamuke." Nimemwambia ni harufu yangu mimi, mwanaume mzima. Akaniangalia kwa huruma. Akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, lakini wao watanibeba katika maombi. Kufuli hakununua.

Nimekaa nikafikiri. Wanashuku kwa sababu nimeanza kunukia jana. Mwenye marashi yake hunukia kila siku, tena bila haya. Dawa ni kuongeza.

Jumapili, tarehe 14

Nimeongeza. Kanisani benchi letu limebaki na mimi peke yangu. Mzee wa protokoli, yule anayepangia watu viti, ameniomba kwa adabu nihamie dirishani. Dirishani upepo umenichukua ukanipeleka moja kwa moja kwenye kwaya. Soprano wamekohoa, wimbo ukaanza upya.

Halafu, katikati ya wimbo, nimegeuza shingo nimwone Fiacre kama anacheka. Pua ikagusa kola ya koti. Na alikuwepo. Patience! Amekaa pale pale, na leso yake na Biblia yake. Pumzi moja tu. Nimelia mbele ya kanisa zima. Sikuweza kujizuia, wala sikutaka. Nikarudisha pua kwenye kola, nikakuta koti.

Mama Séphora amewaambia watu kwamba ninatubu. Fiacre ameitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mchungaji.

Jumanne, tarehe 16

Balaa. Nimeinua chupa kwenye mwanga. Marashi yameshuka chini ya kabichi. Kila nikithibitisha kwamba ni yangu, yanapungua! Na nisipothibitisha, Bernadette anayachukua. Nimeumiza kichwa asubuhi nzima. Kisha nikakumbuka kazi yangu. Rangi ikipungua unaiongezea kitu. Nimeongeza maji. Maji safi, yaliyochemshwa, mimi si mjinga.

Marashi yamegeuka maziwa.

Nimetikisa. Maziwa zaidi. Nimeyaweka juani yatulie, yakapata moto yakabaki maziwa. Nimenusa. Maua yapo, lakini mbali, kama watu wanaozungumza nyumba ya pili. Nimeketi kitandani mpaka chai ikapoa. Nimemwomba Patience msamaha kwa sauti, mlango umefungwa. Sikumbuki siku nyingine ambayo nyumba hii imekuwa kimya hivi.

Ijumaa, tarehe 19

Bernadette amefika na gari la Aru pamoja na mdogo wake Claire, vumbi mpaka kwenye nyusi, mifuko mitupu mikubwa. Amenikumbatia. Amenusa. Ameniachia. "Shemeji, hii harufu ni ya nani?" Yangu, nikasema, ya siku nyingi. Akaninusa tena, polepole. Kunusa kwake ni kubaya kuliko simu zake. Kesho nitavaa koti lile lile la kanisani. Limelowa ushahidi.

Jumamosi, tarehe 20

Wazee wameketi, maombi yamefanyika, nimenyolewa. Matanga yameanuliwa. Kichwa kinapigwa na baridi, naona kama nimemwacha mtu njiani.

Bernadette akatandika mkeka, akatoa vitu vya Patience kimoja kimoja. Mimi nimekaa kama chifu mkarimu. Vitenge? Chukueni! Viatu? Chukueni! Kisha akainua chupa. Nikasimama. Nikasema mbele ya wazee kwamba hiyo ni yangu na mtaa ni shahidi. Fiacre, aliyekuja kula, akaulizwa. Alitaka sana kusema habari ya mwanamke, lakini hakuwa na jina la mwanamke. Ikabidi akiri kwamba ni kweli, mimi hunukia hivyo kila siku. Wazee wakanusa kola yangu kwa zamu. Wakaamua: kitu cha mwanaume hakigawiwi. Hakuna mwanamke, hakuna mbuzi. Bernadette akayaangalia yale maziwa, akaniangalia mimi, akanipa chupa.

Nimeshinda! Nikapeana mikono na wazee wote.

Wakati huo huo, kutoka chini kabisa ya sanduku la Patience, ikatoka triko ya kijani, ile sweta aliyovaa asubuhi za baridi akiwasha moto wa chai. Sikuwahi kuifikiria. Haikufuliwa tangu alipougua. Nilikuwa bado napokea pongezi. Nikapunga mkono: na hiyo pia, shemeji, chukua! Bernadette akaiweka usoni. Akakaa hivyo. Mabega yakaanza kutikisika. "Patience iko humu yote," akasema. Akampa Claire, naye akalia. Ilipopita mbele yangu nikaipata. Moshi, majani ya chai, jasho lake, na maua kidogo sana nyuma ya vyote. Hakuwa Patience wa Jumapili. Alikuwa wa wiki nzima. Nikanyoosha mkono, lakini mzee mmoja alikuwa bado ameushika, ananisifu kwa moyo wangu wa kutoa. Triko ikaingia kwenye mfuko mmoja mkubwa wa Bernadette. Nilikuwa nimetoa neno mbele ya watu.

Jumapili, tarehe 21

Gari la Aru limeondoka asubuhi. Nimebaki na chupa yangu halali. Sijala. Nyumba haina harufu ya mtu yeyote, na mimi ndiye niliyeifungulia mlango ikatoka. Nimelia mpaka nikachoka. Kisha nikafikiri, na kufikiri kumenisaidia sana.

Triko ile ni yangu. Ilikuwa yangu tangu zamani! Patience aliiazima tu. Kosa langu ni kwamba sikuandaa mashahidi mapema. Kesho nakwenda kwenye nguo za mitumba kutafuta ya kijani inayofanana nayo. Nitaivaa wiki nzima, dukani na kanisani, Fiacre anione vizuri, ndipo nimpigie Bernadette simu.

Mama Séphora amepita kuniuliza kama sasa nina amani. Nimemuuliza mtu wa mabega kama yangu avae triko ya mwanamke ya kipimo gani. Amefumba macho akaanza kuniombea palepale mlangoni. Nimemngoja amalize, maana hajanijibu.