Kuhusu Spika Sita na Mke Aliyebaki Rongo

Levis, Fundi wa Redio,
Sokoni, Migori.

Kwa Mzee Willis,
Rangwe.

Baba Mkwe Mheshimiwa,

KUH: KURUDISHIWA MKE WANGU DORINE, PAMOJA NA HESHIMA YANGU

Nakusalimu kwa unyenyekevu, nikitumaini wewe na Mama mko salama na kuku wameanza tena kutaga. Naandika kwa sababu simu zangu hupokei, na Dorine yuko kwako wiki ya tatu sasa. Mimi si mtu wa kelele, hilo lieleweke mapema. Pikipiki yangu ya safari ilikuja na spika mbili, nikaongeza nne kwa mikono yangu mwenyewe, na hakuna waya hata mmoja unaoning'inia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilipofika langoni kwako siku ile sikuingia tu kama mwizi. Kwa adabu ya mkwe, nilishika maikrofoni ya pikipiki nikatangaza kwamba mimi Levis nimekuletea binti yako, mzima wa afya, na nimemtunza vizuri. Kijiji kizima kilisikia. Badala ya kunikaribisha, mkaniuliza Dorine yuko wapi. Nikageuka kuangalia. Kweli, hakuwepo. Lakini Baba, hilo ni swali la kumwuliza mkwe mbele ya majirani?

2. Dorine anadai nilimwacha Rongo. Nilisimama pale kukaza waya, yeye akashuka kumnunulia Mama sukari, na anasema alinigonga mgongoni mara tatu ili nimsubiri. Sikatai kwamba niligongwa. Ila nilidhani ni besi. Mtu yeyote mwenye spika sita angedhani ni besi, tena ilikuwa besi safi sana.

3. Kuku. Alichinjwa kwa ajili ya mkwe, lakini mkamngoja Dorine kwanza, na alipofika, paja akapewa Bonface, yule wa boda aliyemleta. Mimi nikapewa chai. Bonface ni mkwe wa nani pale? Jamani!

4. Dorine amesema nichague, yeye au spika. Hayo ni maneno ya hasira, na wewe kama mzazi ungemkanya. Nyumba imekuwa kimya vibaya, Baba. Nimeziingiza spika zote sita ndani nikaziwasha, na bado ni kimya. Nimemkumbuka sana mke wangu.

Kwa hiyo naomba Dorine arudi. Na ili mambo ya Rongo yasirudiwe, naomba familia ikubali niongeze spika mbili, ziwe zake, zielekezwe kwenye masikio yangu, naye awe na maikrofoni yake. Akitaka kushuka atatangaza, nami nitasikia, na Rongo yote itasikia, kwa hiyo mashahidi hawatakosekana. Halafu nimefikiria tena nikaona mbili zake haziwezi kushinda sita zangu. Itabidi naye awe na sita, tuwe na kumi na mbili, ndipo kutakuwa na usawa katika ndoa. Sidhani kuna mzazi anayeweza kupinga usawa.

Nisalimie Mama, shemeji Cliff, shangazi Edith, na yule mbwa wenu aliyekimbia, ikiwa amerudi. Bonface msimsalimie.

Ni mimi mkweo, mtiifu na mwenye subira,
Levis

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilichukua futi nikapima. Spika za Dorine zina mahali pamoja tu pa kufungwa, napo ni pale anapokaa Dorine. Nimepima mara tatu. Basi zile sita zangu hazirudi tena kwenye pikipiki, isipokuwa moja ndogo tu ya kupigia hodi. Nakuja Jumamosi kumchukua. Mwambie safari hii akinigonga mgongoni hata mara moja, nitasimama.