Dakika Kumi za Kaporali

Jumatatu, 4 Machi. Mbarara. Mbwa wangu Kaporali, aliyegongwa na bodaboda, ametolewa bandeji. Daktari wa mifugo kasema aogelee dakika kumi kila siku, maji safi yaliyotulia. La sivyo mguu wa nyuma utakauka. Nikampeleka hoteli yenye bwawa. Askari wa getini kaniuliza: “Mbwa yako iko na chumba hapa?” Hana. Tukarudi Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi.

Jumanne, 5 Machi. Ziwani. Nilihesabu viboko wanne, wote mbali. Mvuvi kasema wa tano yuko pale pale ninapotaka kumwingiza mbwa. Nilimshukuru.

Jumatano, 6 Machi. Bwawa la kunyweshea ng'ombe. Maji ya kijani. Harufu. Hapana!

Alhamisi, 7 Machi. Nimepata! Kisima cha ubatizo cha kanisa letu: mita tatu kwa mbili, kina mita moja, turubai jipya, maji ya mvua. Ngazi pia ipo. Ufunguo wa uzio anao shemasi Nehemiya. Watu tisa watabatizwa Jumapili. Nikajitolea kuyalinda maji. Nehemiya alinishika mkono kwa muda mrefu, akanipa ufunguo. Mke wangu Georgette hakuguswa: “Weye? Unatumika kazi ya bure tangu lini?”

Ijumaa, 8 Machi. Saa kumi na mbili asubuhi. Dakika kumi kamili, kwa saa. Mguu ulipiga maji! Manyoya yake niliyatoa majini kwa chujio la chai. Jioni Adolphe, kiongozi wa kwaya asiyenipenda, alikunywa chai kwetu. Akavuta unyoya mdomoni, akauliza kama tunafuga mbuzi ndani ya birika. Georgette alinitazama.

Jumamosi, 9 Machi. Dakika kumi na mbili. Nehemiya alikuja kukagua, akayasifu maji.

Jumapili, 10 Machi. Nilimfunga Kaporali nyumbani. Kamba ilikuwa mbovu. Mchungaji alikuwa amemshika Mama Pascaline, tayari kumzamisha, mbwa akaruka. Alizunguka mara mbili, miguu yote minne ikifanya kazi. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Kisha akaelekea ngazini bila kuitafuta, akapanda, akajikung'uta juu ya kwaya. Adolphe ndiye aliyelowa zaidi.

Mchungaji aliuliza taratibu: “Hii imbwa, ni mara yake ya ngapi?”

Nikajibu: ya tatu.

Hukumu: nimwage maji yote, nisugue turubai, nijaze upya kutoka bombani. Madumu mia tatu. Nehemiya kachukua ufunguo. Mama Pascaline peke yake alicheka, kasema angalau imbwa haikuogopa baridi.

Jumatatu, 11 Machi. Madumu sitini na mbili. Mgongo unauma. Kaporali alinifuata kila safari, mguu unakanyaga chini. Lakini leo hajaogelea, na daktari alisema kila siku.

Kanisa la ng'ambo ya barabara linabatiza Jumamosi. Kisima chao ni kirefu zaidi, na cha saruji. Nimepita kusalimia. Wanatafuta mtu wa kulinda maji.

Nimewaambia nina uzoefu.