Kitanda cha Reli

Jumatatu, 4 Julai 1955

Nimetoka kumwona Jonah Kipketer, mwenzangu wa chumba hapa mtaani lokesheni. Amelazwa hospitali ya reli. Chuma kilimwangukia mguuni kazini. Mguu tu! Lakini ukimwona utadhani ni chifu anayeapishwa. Kitanda cha chuma. Blanketi mbili. Watu wamejaa hadi nikabaki mlangoni na ndizi zangu mkononi. Binamu zake walileta mursik, maziwa ya kibuyu. Kwaya ya kanisa iliimba. Na Jepkorir, ambaye namsalimia kanisani kila Jumapili tangu Krismasi na sijapata zaidi ya "salama", alikaa ukingoni mwa kitanda akimmenyea yai. Yai!

Ndizi nilizila mwenyewe njiani. Tangu nije Nakuru hakuna aliyewahi kunimenyea kitu. Upweke wangu unauma kuliko mguu wa yule bwana, na haujaletewa hata maziwa.

Nimepata wazo. Sharti nilazwe.

Jumanne, 5 Julai

Dispensari ya lokesheni. Foleni tangu alfajiri. Nilikuwa nimejitayarishia ugonjwa mzuri: tumbo, upande wa kulia, maumivu ya kuja na kwenda. Mbele yangu mama mwenye macho mekundu. Nyuma yangu mzee mwenye kikohozi. Dresa, mtoa dawa, alimpa mama kikombe cha dawa nyeupe. Akanipa mimi ileile kabla sijafika kwenye upande wa kulia. Mzee wa kikohozi, ileile. Nikamwambia dresa kwamba mimi ni mgonjwa wa kulazwa. Akaniuliza kama nimekuja na kitanda changu. Foleni nzima ikacheka, hata mwenye macho mekundu.

Dawa ilikuwa ya kuharisha. Sasa naumwa kweli. Hakuna aliyekuja kuniona.

Jumatano, 6 Julai

Leo nimefanya uchunguzi, kama wasomi. Swali: nani hulazwa, na nani humwagiwa dawa kooni akaambiwa aende zake? Majibu nimeyapata kwa Rahab, jirani yangu, anayefua mashuka ya hospitali ya Wazungu. Mzungu ana chumba chake, na kengele ya kumwita nesi. Wahindi wana wodi yao. Mtu wa reli ana reli. Mimi ninayesaga unga wa posho kwenye kinu cha Mzee Velji nina Mungu na dresa.

Nikamwuliza Mzee Velji kama nina bima. Alicheka hadi miwani ikaanguka kwenye unga. Kisha akaipiga mashine mgongoni kwa fahari. Mashine ndiyo yenye bima! Ikikwama tu, mtu anatoka Nairobi na tai yake kuja kuisikiliza. Nikauliza, na anayeiendesha? Akasema anayeiendesha apanguse unga kwenye mkanda.

Nimepangusa. Lakini kwa hasira.

Alhamisi, 7 Julai

Jonah ametoka hospitali. Nilipika ya watu wawili, na nyama. Hakuja. Kumbe kwaya imemsindikiza kwa binamu yake ng'ambo ya mji, akauguzwe huko. Rahab aliniambia kupitia ukutani. Nimekula ya watu wawili na sikushiba.

Koti lake la kazi bado linaning'inia msumarini. Lina beji ya shaba yenye namba yake. Nimelijaribu. Limenitosha, kasoro mikono.

Ijumaa, 8 Julai

NIMELAZWA!

Karani wa langoni aliitazama beji, akafungua kitabu, akasema Kipketer si ulitoka jana na mguu? Nikamjibu mguu umepona, sasa ni zamu ya tumbo. Akaandika. Kichwa changu hiki kingezaliwa Ulaya kingekuwa bungeni.

Kisha daktari. Mzungu mrefu, mikono yenye joto. Akanilaza, akanibonyeza polepole. Akauliza yalianza lini. Nakula nini. Nalala vizuri? Eti nalala vizuri! Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalala. Machozi yakanitoka bila kuitwa. Daktari alipoyaona akatikisa kichwa, akasema maumivu ni makali, ni kidole tumbo. Yasipotulia kufikia Jumatatu, nitapasuliwa.

Hiyo ndiyo tofauti niliyoigundua. Dispensari hawanitazami nje, reli wanataka kunitazama hadi ndani. Mpango wangu sasa: kuumwa hadi Jumapili saa ya wageni, kisha kupona upesi kabla ya kisu.

Jumamosi, 9 Julai

Blanketi ni mbili kweli. Chakula ni supu peke yake, kwa ajili ya tumbo. Njaa inanitafuna.

Shida imezuka. Kesho ni siku ya wageni na hakuna anayejua niko hapa. Tena Jepkorir akija kumwulizia Micah Kemboi, ndiye mimi, ataambiwa hayuko, na kweli hayuko! Nikamwita mfagiaji, nikamwomba apite kanisani aseme Kemboi yu mgonjwa. Akauliza Kemboi yupi. Nikasema mimi. Akakitazama kibao juu ya kitanda, kimeandikwa Kipketer. Akanitazama kwa huruma, akaenda kumwambia nesi kwamba homa imenipanda kichwani. Nimewekewa kitambaa cha maji kwenye paji la uso hadi jioni.

Jumapili, 10 Julai

Kengele ya wageni ililia. Wa kushoto kwangu alizungukwa na wake na watoto. Wa kulia aliletewa kuku mzima. Nikavuta blanketi hadi puani. Ni heri upweke wa chumbani. Huu wa katikati ya watu una makali yake.

Mara nesi akaja na mama mzee mwenye kibuyu. Akasema, mama, mwanao huyu hapa.

Mama yake Jonah! Amekuja na basi kutoka Kabazi, habari za kutoka hazijamfikia. Alinitazama. Nilimtazama. Neno lake moja tu na mimi ni mtu wa polisi. Akamwambia nesi asante. Nesi akaenda. Ndipo akaniuliza kwa sauti ya chini mwanawe yuko wapi. Nikamwambia yote, hata koti. Aliposikia Jonah anatembea alimshukuru Mungu, na mimi nikangoja ainuke aende.

Hakuinuka. Aliuliza nani amekuja kuniona. Nikasema hakuna. Akauliza mama yangu. Nikasema alikufa nikiwa bado nachunga ndama. Akafungua kibuyu, akanimiminia, akasema kunywa, mgonjwa ni mgonjwa. Akakaa ukingoni mwa kitanda hadi kengele ya mwisho, akinisimulia habari za ng'ombe wake na mkwe asiyelipa mahari. Nililia ndani ya kikombe. Sijapata Jumapili kama hii tangu nizaliwe.

Nilifurahi hadi nikasahau kupona.

Jumatatu, 11 Julai

Mtu mwenye wembe alikuja asubuhi kuninyoa tumbo. Nikatangaza kwamba nimepona. Daktari akasema hofu ni kawaida. Nikapiga kelele kwamba mimi si Kipketer! Mfagiaji akawaambia hata juzi nilianza hivyohivyo.

Aliyeniokoa ni Jonah. Aliingia na gongo lake, mama yake nyuma, na nyapara wake aliyeambiwa Kipketer amelazwa tena. Nyapara alikuwa amewaka kwa hasira. Kazi ya Jonah ilining'inia pale kama koti lake. Naye Jonah akasema, mbele ya wote, kwamba mimi ni mwenzake, niliumwa sana, na koti alinipa yeye kwa sababu sina mahali pa kutibiwa. Uongo mtupu! Amekaripiwa vibaya, kazi imebaki. Mimi nimetolewa na tumbo lililonyolewa nusu.

Nimekimbilia kazini. Mkanda wa mashine ulikatika Ijumaa. Mtu wa bima alikuja kweli, akakaa nayo siku nzima. Hata mashine ilipata mgeni!

Alhamisi, 14 Julai

Jonah amepita. Nilidhani amekuja kunipiga. Amesema mama yake yuko kwa binamu hadi Jumapili, na anataka nije kula nao. Jepkorir ndiye atakayepika. Kemboi, usikose, akasema.

Nimesema nitafikiria. Hawanidanganyi. Hiyo ni huruma tu. Mtu mzima aende mwenyewe kwa miguu yake akale? Huko si kutembelewa. Mimi nataka kutembelewa.

Jumapili, 17 Julai

Sikwenda. Nimeshinda kwenye wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu nikiulizauliza walivyolazwa. Uchunguzi mzuri sana.

Niliporudi, Rahab alinigombeza kabla sijafungua mlango. Mama yake Jonah alikuja, na Jepkorir, na kapu la chakula. Walipoona sitokei waliamua kuniletea. Walikaa hapa kizingitini mchana kutwa. Jepkorir alimwuliza Rahab kama huwa nalala vizuri. Basi la Kabazi likakaribia kuondoka, wakaenda. Jepkorir amesafiri naye, ameitwa huko kuvuna maua ya pareto hadi mwisho wa mwaka.

Nilikaa kizingitini hadi giza likaingia. Moyo uliniuma, siandiki uongo.

Lakini tazama! Kwa ugonjwa wa siku nne tu, tena wa uongo, wanawake wawili wamekaa mlangoni kwangu mchana mzima. Sasa nikipata ugonjwa mrefu? Wenye kifua hulazwa miezi, na hawaruhusiwi kutoka hata wakitaka. Kesho naanza kukohoa.