Ilani Yenye Pazia

Ninayo heshima ya kuutangazia umma, kwa niaba ya Kiwanda cha Magunia cha Pwani Imara, Changamwe, kwamba ilani ya haki za wafanyakazi, ambayo sheria inamtaka kila mwajiri aiweke mahali pa wazi, kwetu imewekwa. Imewekwa ukutani, kando ya mlango wa karakana, ndani ya fremu ya mninga. Na mbele yake limewekwa pazia.

Najua watu watauliza pazia la nini. Watu wa Changamwe kwa kuuliza hawajambo. Jibu ni itifaki. Katika nchi hii barabara haipitwi kwa raha mpaka izinduliwe, na nakijua choo kimoja cha soko kilichokaa na kufuli, watu wakijipinda nje, mpaka akapatikana mheshimiwa wa kukata utepe. Sasa sheria, ambayo ni kubwa kuliko choo, itasomwaje ovyo na kila apitaye kabla haijafunuliwa na mtu mwenye hadhi yake?

Mimi ni Erastus, Naibu Meneja wa Rasilimali Watu, Itifaki na Mandhari. Wazo la pazia lilikuwa langu. Mkurugenzi wetu, Bwana Felix, alilipenda mpaka akanishika bega, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla ya hapo.

"Erastus, ilani ipo?"

"Ipo, bosi."

"Inaonekana?"

"Inaonekana kwamba ipo."

Alicheka mpaka akatoa leso akafuta macho. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na furaha isiyo kifani, hata mke wangu akaniuliza kama nimepandishwa cheo.

Isidhaniwe kwamba kiwanda chetu kina uhaba wa maandishi. Ukuta wote umejaa, na mengi ni kazi ya kalamu yangu. USIEGEMEE UKUTA. KUCHEKA NI NYUMBANI KWAKO. Kuna tangazo ninalolionea fahari zaidi: NI MARUFUKU KUSOMA MATANGAZO SAA ZA KAZI. Chini yake kuna pacha wake: NI MARUFUKU KUONEKANA KIWANDANI BAADA YA SAA ZA KAZI. Na juu ya yote, kwa herufi nyekundu na sahihi ya Mkurugenzi mwenyewe, ipo kanuni mama: KILICHO UKUTANI KITAFUATWA NA KILA MTU. KISICHO UKUTANI HAKIPO.

Mgeni wa heshima tuliyemwalika ni Mheshimiwa Mlezi wa Viwanda, mtu ambaye shughuli zake ni nyingi kuliko viwanda anavyovilea. Mara ya kwanza aliahirisha kwa sababu ya mazishi Kisauni. Mara ya pili ilikuwa harusi Timbwani, na harusi ikamrefukia. Baadaye akapata mafua. Ilani ikaendelea kukaa nyuma ya pazia, ikiheshimiwa. Malori ya bandari ya Kipevu yakatutimulia vumbi, pazia likawa rangi ya chai, nikaagiza lifuliwe. Kabla halijateremshwa nilisimamia mwenyewe kutundikwa kwa jingine mbele yake, ili sheria isibaki uchi hata kidogo.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipokuja Mweri ofisini kwangu.

Mweri hushona midomo ya magunia kwenye cherehani ya karibu na dirisha, ile ambayo wote huitamani kwa sababu ya upepo. Ni mkazi wa Jomvu Kuu, mwimbaji wa kwaya kanisani kwao, na mkono wake ni mwepesi. Sina neno baya juu yake. Ila alikuwa ameanza kuvaa dera pana kila siku, na dera pana ni vazi linalofanya kazi kama pazia langu, kwa hiyo nililielewa upesi.

Lazima nieleze utaratibu wetu. Mwanamke akionekana mjamzito, hupumzishwa. Hurudisha beji, hupewa pole na maneno mazuri, na cherehani hupewa mwingine. Akishajifungua na kupata nguvu, huja kusimama langoni alfajiri pamoja na vibarua wapya, nasi humtazama kana kwamba hatujapata kumwona. Huku si kufukuza. Kufukuza kuna maudhi. Kupumzisha kuna upole ndani yake.

"Shikamoo, bwana Erastus," alisema Mweri, amesimama mlangoni mwa ofisi yangu.

"Marahaba. Sema."

"Nimekuja kuomba. Nataka kusoma kile kilichoko nyuma ya pazia."

"Unatafuta nini huko?"

"Natafuta kama ni kweli mwenye mimba ana likizo yake, na kazi yake humngoja. Mume wangu hana kazi tangu mwaka jana. Nikipumzishwa mimi, nyumba nzima imepumzishwa. Na kwa simu nimeona imeandikwa."

"Mweri, sheria ya kwenye simu ni ya simu. Ya kiwandani ni ya ukutani."

"Na ukutani ipo?"

"Ipo."

"Basi niacheni niisome."

"Saa hizi ni za kazi. Tangazo lasemaje kuhusu kusoma saa za kazi?"

"Basi nitakuja jioni."

"Jioni hutakiwi kuonekana."

Alinitazama kwa utulivu ule wa watu wa pwani ambao humfanya mtu wa bara kama mimi ajikague vifungo vya shati.

"Yarabi! Basi hiyo ilani yenu husomwa na nani? Mijusi?"

Nilimshauri aandike ombi rasmi, nakala tatu. Sikutarajia ataandika. Aliandika. Nikazipiga zote mhuri wa IMEPOKEWA, nikazisokomeza nyuma ya pazia, maana mambo ya ilani hukaa na ilani.

Wiki hiyohiyo akatokea afisa wa kazi, Bi. Lavender, kukagua. Alikuwa mwanamke mkali mwenye kalamu mbili. Alitazama pazia, akanitazama mimi, akanyoosha mkono kulivuta.

"Afande, samahani," nikasema. "Hilo linasubiri kufunuliwa na Mheshimiwa Mlezi wa Viwanda."

Mkono ukasimama hewani. "Mheshimiwa mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Aliurudisha mkono, akaufuta kwenye sketi kana kwamba umeshika moto. Akaandika kwamba ilani ipo na iko katika hali ya kuheshimika. Kabla ya kuondoka aliniuliza kama na yeye anaweza kupata kadi ya mwaliko.

Ndipo simu ikaja: Mheshimiwa amepona mafua, anakuja kesho. Bwana Felix akaniita mbio.

"Erastus, kesho kuna kamera. Sitaki matumbo kwenye picha. Yule wa dirishani apumzishwe leo leo."

"Ndiyo, bosi." Nikafika mlangoni, nikageuka, maana mwanaitifaki haondoki na tatizo mfukoni. "Ila, bosi, kuna jambo. Mgeni atapokewa na nani?"

Hapo pana mila ambayo hata Bwana Felix hawezi kuifuta. Mheshimiwa hateremki garini penye kimya. Lazima wanawake wamwimbie, wamchezee, wampigie vigelegele, la sivyo atadhani ameitwa matangani. Na kiwandani kwetu sauti ya kuongoza ni moja tu. Msimamizi wa karakana, Bonface, tulimjaribisha hapo hapo kama anaweza kuanzisha wimbo, tukamwomba anyamaze.

Bwana Felix alikuna kidevu. "Basi aimbe kesho, apumzike baada ya wimbo. Na asimame nyuma."

Nilimpelekea Mweri habari hizo nikizipamba kadiri nilivyoweza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo niimbe, kisha nirudishe beji?"

"Uimbe kwa moyo," nikasema.

"Nitaimba kwa moyo," akasema. Nami nilifurahi kwamba ameelewa.

Kesho yake mambo yakaanza vizuri mno. Mheshimiwa alichelewa kiasi cha kutosha kuonyesha ukubwa wake. Bi. Lavender alikuwa kiti cha mbele na kadi yake mapajani. Wanawake wakatoka karakana wakiimba, na kama ilivyo kwa wachezaji, wamejifunga leso viunoni. Hapo nikaona kosa langu la itifaki. Leso ikikazwa juu ya dera, dera haliwezi tena kuficha lolote. Tumbo la Mweri lilitangulia, yeye akalifuata, na kiongozi wa wimbo hasimami nyuma.

Mheshimiwa akavuta kamba. Pazia likaanguka, na nakala tatu za ombi zikaanguka nalo, nikazikalia haraka. Watu wakapiga makofi. Kwa mujibu wa ratiba yangu, sasa ilikuwa zamu ya soda. Lakini Mweri hakuondoka. Alibadilisha wimbo:

"Mgeni wetu tusomee,
macho yetu yana vumbi la magunia!"

Wenzake wakaitikia, "Tusomee, baba, tusomee!" Na vigelegele juu yake. Sijapata kuona mheshimiwa anayeombwa kwa vigelegele akakataa. Alivaa miwani.

"Kila mfanyakazi," akasoma kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "ana haki ya kupumzika angalau siku moja kila wiki!"

Vigelegele vilipaa mpaka madereva wa malori wakasimamisha magari barabarani. Mheshimiwa akanoga. "Kuanzia leo!" akaongeza kwa hiari yake, maana neno hilo halikuwa kwenye ilani. Bwana Felix akapiga makofi. Likaja la malipo ya saa za ziada. "Kuanzia leo!" Bwana Felix akapiga makofi polepole. Kisha Mheshimiwa akafika pale.

"Mfanyakazi mjamzito ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na akirudi, atarudi kwenye kazi yake!"

Kelele zilizofuata siwezi kuzieleza. Mweri alicheza mpaka miguuni pa Mheshimiwa, jasho linamtiririka, akaonyesha yale maandishi mekundu juu.

"Na hilo jekundu, baba, tusomee!"

Mheshimiwa akainua shingo. "Kilicho ukutani kitafuatwa na kila mtu. Maneno mazito haya! Nani ameyatia sahihi?" Akasogea karibu. "Felix! Huyu ndiye mwajiri, wananchi! Mama huyu ataenda likizo yake na atarudi kwenye cherehani yake. Kuanzia lini?"

"Kuanzia leo!" karakana nzima ikanguruma.

"Mkurugenzi, inua mkono wakuone."

Kamera zikageuka. Bwana Felix aliinua mkono kama mtu anayelisimamisha lori lisimkanyage. Bi. Lavender akaandika haraka kwa kalamu zote mbili, kwa kupokezana.

Wageni walipoondoka, Bwana Felix hakunishika bega.

"Pazia lilikuwa wazo la nani?"

"Langu, bosi."

"Na mwimbaji?"

"Langu pia, bosi."

"Acha funguo mezani uende kwenu."

Niliumia. Nimekitumikia kiwanda kile kwa moyo wote, nimekiandikia ukuta mzima. Nilitoka nikiwa sina pa kwenda, nikajikuta mbele ya ilani, sasa wazi, haina hata uzi. Naungama kwa ajili ya kumbukumbu rasmi kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisoma. Imeandikwa vizuri. Karibu na mwisho inasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, mwajiri atamweleza sababu na kumsikiliza, naye mtu huyo ana haki ya kusimamiwa na mfanyakazi mwenzake amtakaye.

Nilirudi ofisini nikabisha hodi.

"Bosi, nataka kusikilizwa. Na nimemchagua mwenzangu."

"Nani?"

"Mweri."

"Mweri yuko likizo kuanzia leo! Hatarudi mpaka miezi mitatu ipite!"

"Basi tutamngoja, bosi."

"Chagua mwingine! Mchukue Bonface!"

"Ilani inasema nimtakaye mimi," nikasema. "Na iko ukutani."

Bwana Felix alikumbuka sahihi yake na zile kamera, akanisukumia funguo zangu. Ndivyo inavyokuwa kwamba hadi ninapoandika haya mimi bado ni Naibu Meneja. Lile la kusoma matangazo saa za kazi nimelibandua. Bwana Felix hupita karibu na ilani kila asubuhi akitazama upande wa pili.

Limebaki jambo moja dogo, nalo ndilo linaloninyima usingizi: Mweri mwenyewe hajakubali kunisimamia. Nilipopata habari kwamba amejifungua salama mtoto wa kike, nilichukua sabuni na unga, nikaenda Jomvu Kuu. Mlangoni nilipokewa na mama mkwe wake, Mama Dhahabu, mwanamke asiye na haraka.

"Hodi! Nimekuja kumjulia hali mzazi, na kumwona mtoto."

"Karibu. Ila mtoto haonwi na mgeni. Kitovu hakijaanguka." Nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa na pazia.

"Basi nina ombi dogo kwa Mweri. Nataka anisimamie mbele ya Mkurugenzi. Anaweza kunijibu tu kutoka humo ndani."

Mama Dhahabu aliinamisha kichwa penye pazia, akasikiliza, akanirudia.

"Asema, ombi lako limepokewa."

"Alhamdu... asante sana! Na jibu?"

Akainama tena. Nikasikia kicheko chepesi, na mtoto akipiga chafya.

"Asema, saa za kunyonyesha hajibu maombi. Na kunyonyesha kukiisha, wageni hawatakiwi kuonekana. Ila waweza kuandika. Nakala tatu."

Nikaomba kalamu. Mama Dhahabu alinisogezea ndoo niikalie.